Shule ya Bweni ya Nyumbani kwa Badi

Palikuwa na nchi, wala msiniulize iko upande gani wa ramani, maana wenyewe ramani yao waliichora upya kila Mkubwa wao alipoamka na ndoto. Nchi hiyo ikiitwa Jamhuri ya Hewala. Kaulimbiu yake ilikuwa Hewala Haigombi, nayo iliandikwa kwenye noti, kwenye magari ya polisi, hata kwenye vyandarua vya wajawazito. Na kwa kweli sijapata kusikia nchi tulivu kama ile. Watu wake hawakugombana hata pale ambapo mtu mwenye akili timamu angegombana.

Katika mji wa pili kwa ukubwa wa nchi hiyo aliishi bwana mmoja, Badi Shekuwe, karani wa Idara ya Hali ya Hewa. Kazi yake kubwa ilikuwa kusubiri kibali. Mvua ikinyesha, Badi hakuandika kwamba imenyesha mpaka simu itoke makao makuu kuthibitisha. Mara nyingi alirudi nyumbani ameloa chapachapa na huku ameacha ofisini ripoti inayosema jua kali, wala hakuona ajabu. Alikuwa mtu mwema, mpole, asiyedaiwa ugomvi na yeyote. Mkewe alifariki zamani akamwachia binti mmoja, Siwatu, na huyo Siwatu sijui upole wa baba yake aliupitia mlango gani usimshike. Tangu alipojua kusema alikuwa akiuliza.

Siwatu hakusoma shuleni, na si kwa ukaidi. Shule ya mtaa wao ilikuwa imefunguliwa bila kujengwa. Kila kiongozi aliyepita pale aliweka jiwe la msingi, akakata utepe, akala pilau, akaenda zake. Mawe ya msingi yakawa mengi, yangeweza kabisa kutosha darasa zima na choo chake, lakini sheria ya Hewala ilikataza kuweka jiwe juu ya jiwe lenye jina la kiongozi. Basi watoto wa mtaa waliokwenda shule walikaa juu ya mawe, kila mmoja juu ya waziri wake, wakaimba majibu wasiyojua maswali yake. Siwatu alikwenda juma moja. Alipouliza kwa nini wanaimba, mwalimu, ambaye naye alikuwa amekalia jiwe, alimshauri Badi amrudishe mtoto nyumbani kabla hajaharibu wenzake.

Hivyo ndivyo alivyoangukia mikononi mwa Bi Kazija.

Bi Kazija alikuwa bibi wa miwani minene aliyekaa ng'ambo ya mpaka, ambako serikali ya Hewala haikuwa na mkono. Aliwakusanya vijana wanaosoma majumbani, wachache tu, kutoka huku na huku, akakutana nao mtandaoni kila Alhamisi saa kumi alasiri. Hakupenda kuitwa mwalimu. Alijiita mlezi. Aliwalea kwa elimu ya kale: mantiki, balagha, hesabu za nyota, tenzi za mabibi waliolala makaburini, na hotuba za Wayunani waliokuwa wakibishana sokoni hata mboga zikinyauka. Wiki nzima vijana walisoma. Alhamisi ikifika Bi Kazija aliuliza swali moja, kisha akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko viboko vya walimu wote wa Hewala.

"Umesema mtu huyu ni jasiri," angesema. "Umejuaje kwamba si mjinga?"

Kisha kimya. Badi, akinyoosha nguo zake za kazi nyuma ya pazia, alijikuta pasi imesimama hewani. Hakuna aliyemuuliza yeye, lakini jasho lilimtoka.

Kilele cha malezi hayo kilikuwa kutetea. Mwishoni kabisa kila kijana alichagua hoja yake, akasimama peke yake mbele ya mlezi na wenzake, wakamhoji mpaka wachoke wao au achoke yeye. Aliyesimama imara alipewa ijaza, yaani idhini ya mlezi kwamba naye sasa anaweza kulea wengine, kama Bi Kazija mwenyewe alivyopewa na mlezi wake, na mlezi wake na wa kabla yake. Siwatu alikuwa na miaka kumi na mitano na alilala na kuamka na ijaza hiyo. Hoja yake aliichagua mapema: kwamba anayetii amri asiyoiamini hawezi kusema mikono yake ni safi. Alimsomea baba yake rasimu ya kwanza wakila, na Badi akasema ni nzuri sana, ila chai ilimpalia.

"Nyinyi ndio wa mwisho wangu," Bi Kazija aliwaambia vijana wake Alhamisi moja. "Macho yananiaga, wanangu. Tukimaliza kutetea nafunga, nakwenda kwa dada yangu shamba, na huko mtandao haufiki wala sitaki ufike. Kila mtu ana siku yake moja. Ikimpita, imempita."

Siwatu alipangiwa Alhamisi ya mwisho kabisa.

Mambo yangekwenda vizuri kama Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Dokta Tambarare, asingesafiri. Waziri huyu alikwenda ng'ambo kujifunza namna bora ya kwenda ng'ambo, na huko, katikati ya karamu, mtu mmoja akamwambia kwamba siku hizi vijana husoma nyumbani, mlezi akiwa mtandaoni, tena elimu ya kale, na kwamba hata katika nchi yake mwenyewe wapo na wanafanya vizuri. Mheshimiwa alikosa hamu ya chakula. Jambo jema lilikuwa likitokea nchini mwake na yeye hajalizindua.

Aliporudi alihutubia taifa. Badi na Siwatu walimsikiliza redioni.

"Ndugu wananchi! Wako wanaobeza wakisema elimu ya kale imepitwa na wakati. Nawauliza, itapitwaje na wakati, na hali wakati wenyewe Serikali imeuagiza usubiri? Elimu ya kale ndiyo elimu ya kesho, kwa sababu kesho nayo ikishapita itakuwa kale! Makofi!" Neno hilo la mwisho lilikuwa limeandikwa kwenye hotuba naye alilisoma, maana alikuwa msomi wa kusoma kila kilichoandikwa. "Kwa hiyo, kuanzia leo, Serikali yenu sikivu imewaruhusu rasmi vijana kusoma nyumbani. Mradi nyumbani hapo pawe shule."

"Baba," alisema Siwatu, "pakishakuwa shule, atakuwa anasoma nyumbani vipi?"

"Shh," alisema Badi. "Ametuunga mkono."

Mkono wenyewe ulifika juma lililofuata, ukiwa umeshika futi kamba. Mwenye mkono aliitwa Bwana Chanzi, Mkaguzi Mkuu wa Shule za Nyumbani, mtu mwembamba ndani ya suti pana. Alibisha mlango akiwa tayari yuko sebuleni.

"Hodi hapa shuleni!"

"Karibu, mheshimiwa," alisema Badi. "Ila hapa ni nyumbani kwangu."

"Palikuwa," alisema Bwana Chanzi, akaanza kupima. Sebule ikawa chumba cha walimu. Jiko likawa maabara, kwa sababu palikuwa na moto na vitu vinavyochemka. Chumba cha Badi kikawa Ofisi ya Mkuu wa Shule, na chumba cha Siwatu kikawa Kidato cha Tatu. Stoo ya mkaa aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaitangaza kuwa maktaba.

"Wanafunzi wangapi?"

"Mmoja, mheshimiwa."

"Darasa halina msongamano! Hongera sana, ni la kwanza nchini. Mkuu wa shule nani?"

"Hatuna."

"Ni wewe. Shule ya kutwa au ya bweni?"

Badi hakujua.

"Mwanafunzi analala wapi?"

"Hapa hapa."

"Ya bweni," alisema Bwana Chanzi, akaonekana kuridhika, kwani shule za bweni zilikuwa na kanuni nyingi zaidi. Alizitaja zote papo hapo bila kuvuta pumzi. Ukuta uwe mrefu, wenye vipande vya chupa juu. Geti liwepo, na mlinzi wa geti ataletwa na Wizara. Mlingoti wa bendera. Kengele. Sare. Kiranja. Na mwanafunzi wa bweni haonani na mzazi wake isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, kwenye eneo la wageni.

"Lakini mimi ndiye mzazi," alisema Badi.

"Nje ya geti. Ndani ya geti wewe ni mkuu wa shule. Mkuu wa shule hana mtoto, bwana, ana wanafunzi. Ukianza kumpendelea mmoja, wengine watasemaje?"

"Hakuna wengine."

"Ndiyo maana nakuonya mapema."

Siwatu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, mikono kifuani. Badi alimwona kwa pembe ya jicho. Alitaka kusema neno, na neno lenyewe alikuwa nalo ulimini, lakini midomo ya mtu aliyezoea kusubiri simu ya kuthibitisha mvua haifunguki ghafla.

"Hewala," alisema.

Mkaguzi alipoondoka, binti hakupiga kelele. Ilikuwa afadhali angepiga.

"Ungemwambia hapana, baba."

"Ningemwambia. Halafu?"

"Halafu tungejua kinachofuata."

"Hicho kinachofuata ndicho ninachokiogopa, mwanangu. Wee soma, tetea hoja yako, upate ijaza yako. Haya mengine ni ukuta na bendera tu. Ukuta haumzuii mtu kusoma."

Aliyasema hayo kwa moyo mweupe, na aliyaamini. Akaujenga ukuta kwa likizo yake yote. Vipande vya chupa alivipanda mwenyewe, kimoja kimoja, akajikata vidole. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye kenchi la baraza. Mlinzi aliyeletwa na Wizara aliitwa Mzee Ngoda, askari mstaafu mwenye heshima zake, ambaye alichukua funguo, akachukua kirungu, akakaa kwenye kibanda chake kando ya geti, akawa haulizi kitu wala hasahau kitu.

Basi shule ikaanza. Alfajiri rimu ililia, Siwatu akatoka na sketi ya rangi ya damu ya mzee na soksi nyeupe, akajipanga mstari mmoja wa mtu mmoja. Badi, na tai yake, alisimama mbele ya bendera akatoa matangazo. Aliwakumbusha wanafunzi wote kufupisha nywele. Aliwapongeza wanafunzi wote kwa usafi. Siku za mwanzo walicheka mpaka machozi, baba huku na mwana kule, na Mzee Ngoda akigeuza uso kwa adabu. Baadaye walicheka kidogo. Kisha wakazoea, na kuzoea ndiyo ilikuwa sanaa ya taifa la Hewala.

Mtihani wa Wizara ulipokuja, Siwatu alishika nafasi ya kwanza katika shule yake. Wizara ilimtumia mkuu wa shule pongezi. Mchana wa siku hiyo hiyo ikamtumia onyo kali, kwa sababu aliyeshika nafasi ya mwisho katika shule hiyo alikuwa pia Siwatu, na shule zinazoacha watoto nyuma hazitavumiliwa.

Jumapili ya mwisho wa mwezi Badi alivaa kanzu yake, akatoka nje ya geti na kapu mkononi, akazunguka kona ili ionekane ametoka mbali, akabisha.

"Nani?" aliuliza Mzee Ngoda.

"Mzazi."

"Wa nani?"

"Wa Siwatu, Kidato cha Tatu."

Mzee Ngoda alimpekua kapu, akatoa wembe, akaruhusu maandazi. Siwatu aliitwa. Wakakaa kwenye eneo la wageni, ambalo lilikuwa mkeka kando ya kibanda, kuku wa kukaanga katikati yao. Nanyi mtashangaa, kwa maana hata wao walishangaa: siku ile waliongea. Kwa wiki kadhaa Badi alikuwa mkuu wa shule, na kabla ya hapo alikuwa mtu wa nyuma ya pazia mwenye pasi. Siwatu alimweleza hoja yake yote, kuanzia msingi hadi kilele. Alimweleza pingamizi anazozihofia. Badi akathubutu kutoa pingamizi yake mwenyewe.

"Na kama huyo anayetii ana mtoto?" aliuliza. "Kama anatii ili mtoto apate nafasi?"

Siwatu aliacha kutafuna. "Hiyo ni nzuri, baba. Hiyo Bi Kazija ataiuliza." Akafikiri. "Sijapata jibu lake."

"Litafute."

"Nikilipata litakuumiza."

"Litafute hivyo hivyo," alisema Badi, na alitamani Jumapili ile isiishe. Rimu ikalia. Siwatu akasimama, akashika mkono wa baba yake akaubusu, akarudi bwenini. Badi akatoka nje na kapu tupu, akazunguka kona, akarudi kuwa mkuu wa shule.

Sasa nieleze kosa lenyewe, maana msiba huu una mlango wake. Nimesema kanuni ilitaka kiranja. Kila aliyewahi kukaa darasani anajua kazi ya kiranja: mwalimu akitoka, yeye huandika majina ya wapiga kelele. Siwatu alikuwa kiranja wa Kidato cha Tatu kwa kuwa hakukuwa na mwingine, na alikuwa amelelewa na Bi Kazija kulipa kila neno haki yake. Akajiuliza: kelele ni nini? Wizara ilikuwa imekwisha kutoa tafsiri, kwamba kelele ni sauti yoyote ya mwanafunzi darasani wakati mwalimu hayumo chumbani. Je, Bi Kazija yumo chumbani? Hayumo, yuko ng'ambo ya mpaka. Je, siku ya Alhamisi mimi hutoa sauti? Hutoa, tena nyingi. Basi kila Alhamisi baada ya darasa aliandika jina lake, kwa mwandiko mzuri, na pembeni akaandika sababu: "Aliuliza."

Badi aliyaona majina yale akasaini kila mara akicheka. Aliona ni mzaha wa mtoto mwenye akili. Angemwambia akome, angekoma. Ila katika nchi ile mtu akikaa miaka mingi akiandika jua wakati wa mvua, husahau kwamba wapo wanaoandika kitu kwa sababu ni kweli.

Alhamisi ya mwisho ikafika. Siwatu hakula asubuhi. Kompyuta ilikuwa mezani Kidato cha Tatu tangu mapema, bando limejazwa, dirisha limefunguliwa apate hewa. Badi aliomba ruhusa kazini, akaambiwa hali ya hewa itamsubiri.

Adhuhuri Bwana Chanzi alifika kwa ukaguzi. Alipima bendera, akaonja maabara, kisha akaomba kuona nidhamu. Akafunua majina ya wapiga kelele. Akafunua tena. Suti yake yote ikatetemeka.

"Mkuu wa shule! Una mwanafunzi sugu!"

"Ni mzaha tu, mheshimiwa."

"Umesaini mzaha? Kila wiki? Mwanafunzi mmoja, kosa moja, bila kukoma, na wewe hujamrudi?" Alimwita Siwatu. "Wewe. Uliuliza?"

"Niliuliza, mheshimiwa."

"Na leo?"

"Leo natetea. Saa kumi. Nitaulizwa, na nitajibu, na nitauliza pia."

"Unakiri kabla hujatenda!"

"Mheshimiwa, nikisema sitauliza nitakuwa nimesema uongo, na uongo pia ni kosa la nidhamu. Sasa nikosee lipi?"

Bwana Chanzi alimgeukia Badi kwa furaha ya daktari aliyepata kidonda alichokuwa akikitafuta. "Umesikia? Hii ndiyo kelele yenyewe. Adhabu yake inajulikana. Atoke nje ya geti, aende nyumbani, asirudi hapa bila mzazi. Mtangazie."

Huenda wengi wenu mmewahi kuambiwa maneno hayo. Kalete mzazi. Badi aliyasikia, akatazama saa ya ukutani, akatazama binti yake, na ninyi mnaotaka mashujaa mtanisamehe, lakini alichowaza ni kwamba muda upo. Atamtoa, atakwenda kuwa mzazi, watarudi, watasamehewa, saa kumi itawakuta mezani. Hewala moja ya mwisho, basi.

"Siwatu," alisema, "nenda nyumbani, kalete mzazi."

Binti alimtazama. Alikaza soksi zake, akapita kwenye bendera, Mzee Ngoda akafungua geti, akatoka.

"Mimi sasa nakwenda kuwa mzazi," Badi alimwambia Bwana Chanzi.

"Ni haki yako ya kikatiba," alisema mkaguzi. Alitoka pamoja naye, akamwonya Mzee Ngoda kwamba mzazi ataonana na mkuu wa shule ana kwa ana, ofisini, na si vinginevyo, na kwamba yeye Chanzi ana nyumba nyingine za kugeuza kabla ya jioni. Akapanda gari lake. Geti likafungwa.

Badi alimshika Siwatu mkono, wakabisha.

"Nani?"

"Mzazi wa Siwatu. Nimekuja kuonana na mkuu wa shule."

Mzee Ngoda alikwenda ofisini kutazama. Walimsikia akibisha mlango wa chumba cha Badi, akisubiri, akibisha tena. Akarudi taratibu.

"Mkuu wa shule hayupo, mzee. Ametoka."

"Mzee Ngoda, mkuu wa shule ni mimi."

"Ukiwa ndani, mzee wangu. Siku nyingine nimekufungulia, lakini leo mkaguzi amekuacha nje ukiwa mzazi."

"Basi nifungulie niwe ndani."

"Mzazi haingii mpaka mkuu wa shule aruhusu." Sauti ya Mzee Ngoda haikuwa na ubaya. Ilikuwa sauti ya mtu anayeona aibu na bado hafungui. "Nina wajukuu, Bwana Badi. Mkaguzi akirudi nitamwambia nini? Msubirini, huenda akarudi sasa hivi."

"Nani akarudi?"

Mzee Ngoda akarudi kibandani, nao wakangoja pale nje mpaka alasiri.

Badi aliutazama ukuta. Aliujenga vizuri, mno. Alivua koti akalitupa juu ya chupa, akajaribu kupanda, viganja vikachanika, akaanguka mgongo. Alijaribu tena, na safari hii Siwatu ndiye aliyemvuta chini, akimwambia basi baba, basi. Damu ilimchuruzika mpaka kwenye saa ya mkononi, na chini ya damu mshale ulikuwa umefika saa kumi.

Dirisha la Kidato cha Tatu lilikuwa wazi. Kompyuta ikalia mle ndani. Sauti za vijana zikasalimia, shikamoo Bibi, na sauti ya Bi Kazija ikaitikia marahaba kwa kila mmoja. Kisha ikasema: "Siwatu, mwanangu, picha yako inaonyesha kiti kitupu. Upo?"

"Nipo, Bibi!" Siwatu alipiga ukelele. "Nipo nje!"

"Namsikia mtu kwa mbali," alisema Bi Kazija. "Ni muuza samaki huyo?"

Siwatu akaweka mikono mdomoni, akaanza. Alitetea akiwa barabarani, na sketi yake ya sare, mbele ya mbuzi wawili na mama mmoja mwenye ndoo aliyesimama kushangaa. Alisema hoja yake, akaweka msingi wake, akaitaja pingamizi ya kwanza akaivunja. Badi hakuwahi kuisikia sauti ile. Alitaka dunia nzima inyamaze, naye mwenyewe alizuia pumzi. Mle ndani Bi Kazija alinyamaza, kimya chake kile, na Badi akaamini kwamba anasikia.

Ndipo Mzee Ngoda alipoinuka kwenda kwenye rimu.

"Usipige!" Badi aliomba. "Mzee Ngoda, nakuomba kwa jina la Mungu, usipige sasa."

"Ratiba imesainiwa na mkuu wa shule," alisema Mzee Ngoda, karibu kulia, akapiga. Akapiga kama ratiba ilivyosema, kirefu, wanafunzi wote wa bweni wasikie. Siwatu aliongeza sauti mpaka ikapasuka. Alikuwa amefika kwenye pingamizi ya baba yake, ya yule anayetii ili mtoto apate nafasi, na Badi aliona midomo yake ikisema jibu, neno baada ya neno, na hakusikia hata moja.

Rimu iliponyamaza, mle ndani Bi Kazija alikuwa akimalizia kusema.

"...haidhuru. Huenda mtandao, huenda ugonjwa. Nimemsubiri kadiri nilivyoweza. Nyinyi wengine nawapa radhi zangu. Mkimwona mwenzenu, mwambieni nilimpenda." Kijana mmoja aliomba wamsubiri kidogo tena. Bi Kazija akasema macho yanamwuma. Kisha kompyuta ikatoa mlio mdogo inaoutoa mtu wa mwisho anapoondoka.

Mama wa ndoo akaenda zake. Siwatu alikaa chini kwenye mchanga, akavua soksi moja, akamfunga baba yake kiganja kwa utaratibu, akakaza fundo. Hakuwa na sauti tena, alinong'ona tu.

"Nimechoka, baba. Nipeleke nyumbani."

Badi akamwinua, akamfuta vumbi kwenye sketi. Akatazama barabara upande huu, akaitazama upande ule, na akabaki amemshika mkono.